Kama alimtoa baba mtoto wa jicho, kwa nini asiiweze retina?

*"Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 61, ni mkulima wa mpunga Mbarali. Mwaka juzi alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, akawa anaona vizuri. Wiki iliyopita alianza kuona vitu kama nzi vinaelea, kisha usiku akawa anaona kama radi pembeni, na tangu juzi anasema kuna pazia jeusi linapanda kutoka chini upande wa pua. Daktari wa macho wa huku kwetu, yuleyule aliyemtoa mtoto wa jicho, amesema retina imeachia na yeye haiwezi, twende Dar es Salaam kwa bingwa wa retina. Baba mdogo anasema tunazungushwa: daktari wa macho ni daktari wa macho, kama aliweza lile atashindwaje hili? Shangazi amesikia huko jicho hutolewa nje, likasafishwa na kurudishwa. Baba mwenyewe anataka tusubiri mwezi ujao tuvune, tuuze, ndipo twende. Huyo daktari wa retina amesomea nini ambacho wa kwetu hakusomea? Na tukifika atamfanya nini baba?"*

Marahaba, mwanangu. Tulipoongea jana jioni kwenye simu sikukujibu hata swali moja kati ya hayo. Nilikuambia tu mpande basi la alfajiri, baba aegemeze kichwa upande wa kulia kila kiti kinaporuhusu, na asidondoshewe kitu chochote jichoni, iwe dawa ya duka au ya mti. Sasa mko njiani, na kutoka Chimala mpaka stendi ya Mbezi una saa nyingi za kusoma. Ukimaliza mtumie na baba mdogo, maana swali lake ni zuri kuliko anavyodhani.

Nianze na mavuno, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nikupigie simu badala ya kukuandikia. Ulisema pazia linapanda kutoka chini, upande wa pua. Jicho hupokea picha ikiwa imepinduka, juu ikawa chini na kulia ikawa kushoto. Kwa hiyo anayeona pazia chini upande wa pua, retina yake, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeachia juu, upande wa sikio. Hapo ndipo penye haraka. Maji yaliyoingia nyuma ya retina yana uzito, yanateremka, na yanapoteremka yanaendelea kuibandua. Njiani ipo makula, kidoa cha milimita chache tu katikati ya retina, ambacho ndicho baba anachotumia kusoma, kuhesabu noti na kukutambua wewe uso. Nilipokuuliza kama jicho hilo peke yake bado linatambua sura, ukamziba la pili ukaniambia ndiyo. Jibu hilo ndilo lililonipa matumaini. Makula ikiwa bado imeshika, tunahesabu kwa saa. Ikishaachia, tunahesabu kwa siku, na hata upasuaji ukienda vizuri kabisa jicho halirudi lilivyokuwa. Mwezi mmoja haumo kwenye hesabu yoyote.

Sasa tuje kwenye kilichotokea humo ndani, maana usipokielewa, kazi ya daktari wa retina itaonekana kama mazingaombwe.

Jicho ni kama chumba cha duara chenye upana wa milimita 24 hivi. Mbele kuna kioo, nyuma ya kioo kuna lenzi. Ukuta wote wa nyuma umebandikwa utando mwembamba, unene wake kama robo ya milimita, unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Huo ndio retina. Haikushonwa wala kugundishwa. Nyuma yake kuna safu ya seli zinazonyonya maji usiku na mchana, nayo inabaki imenata ukutani kama mfuko wa nailoni uliolowa unavyonata kwenye kioo. Na huko ukutani ndiko inakopata sehemu kubwa ya chakula na hewa yake. Ikibanduka inaanza kufa njaa.

Katikati ya chumba kuna ute, mililita nne hivi, mzito kama ute wa yai bichi. Ujanani ute huo umejaa vizuri na umegusana na retina pande zote. Umri ukisogea unakuwa majimaji, unajikunja na kubanduka kutoka ukutani. Kwa watu wengi jambo hili hupita salama: wanaona nzi wachache, wanazoea. Kwa wachache ute unakuwa umeng'ang'ania mahali fulani, na unapobanduka unachana retina. Zile radi alizoziona baba usiku hazikuwa mwanga wowote. Ute ulikuwa unaivuta retina, na retina haina namna ya kusikia maumivu. Ukiivuta inaripoti mwanga, kwa kuwa ndiyo lugha pekee inayoijua. Ndiyo maana hakuumwa, na ndiyo maana watu wengi hukaa nyumbani wiki mbili wakisema "haliumi, litapona". Baada ya mchano, ute uliokuwa majimaji hupenya kwenye tundu, ukaingia nyuma ya retina, na pazia likaanza.

Najua swali linalofuata, hata kama hukuliandika kwa adabu: je, ni yule daktari aliyemharibia mwaka juzi? Hapana. Upasuaji wa mtoto wa jicho, hata ukifanywa na mkono bora kuliko wote, huharakisha kidogo kubanduka kwa ute, na kwa sehemu ndogo sana ya watu, mmoja katika mia au pungufu, retina huachia miaka inayofuata. Huachia pia kwa watu ambao hawajawahi kupasuliwa, hasa wenye miwani mizito ya kuonea mbali na waliowahi kupigwa jichoni. Bila upasuaji ule baba asingeona miaka hii miwili.

Na sasa baba mdogo. Kwenye macho, watu wanaovaa koti jeupe hawafanani. Yupo mtaalamu wa kupima upeo wa macho na kutoa miwani. Yupo muuguzi wa macho. Wapo madaktari wasaidizi waliosomea macho, ambao kwa miaka mingi wamebeba kazi ya mtoto wa jicho mikoani kwetu bila kelele. Yupo daktari bingwa wa macho. Na ndani ya ubingwa huo wapo wabobezi: wa presha ya macho, wa macho ya watoto, wa kope na njia za machozi, wa kioo cha mbele, na sisi wa retina. Hii si ngazi ya vyeo ambapo wa juu anaweza yote ya wa chini. Mimi nina miaka mingi sijarekebisha kope iliyoingia ndani, na ukiniletea mtoto mwenye makengeza nitampeleka kwa mwenzangu bila aibu.

Mtoto wa jicho ni upasuaji wa sehemu ya mbele. Unaiona lenzi kwa macho kupitia hadubini, iko karibu, na mwenye uzoefu humaliza kwa dakika kumi au kumi na tano. Retina iko ukutani nyuma, gizani, mahali ambapo jicho zima liko kati yako na unachokishika. Vifaa ni vingine kabisa, mashine ni nyingine, hadubini huongezewa lenzi maalumu. Lakini tofauti kubwa haiko kwenye mkono. Iko kwenye kuona, na nitakueleza kwa kukusimulia nilivyofundishwa.

Safari yenyewe, kwa Tanzania, ni hivi: kidato cha sita kwa fizikia, kemia na biolojia, udaktari miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha watu wengi hufanya kazi miaka kadhaa kwanza. Ubingwa wa macho ni miaka mitatu au minne mingine, Muhimbili, KCMC Moshi au kwingineko. Kenya udaktari wenyewe ni miaka sita. Ukishakuwa bingwa, ubobezi wa retina huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Jumlisha na ile miaka ya kazi katikati, utakuta aliyemaliza sekondari akiwa na miaka 19 anaanza kusimama peke yake kwenye retina akiwa na thelathini na kitu mwishoni. Wengi wa rika langu ubobezi tuliufuata India, kwa sababu pale wagonjwa ni wengi mno na mkono hujifunza kwa wingi. Hospitali ya Aravind pale Madurai, kwa mfano, ilianza mwaka 1976 na vitanda 11, ikakua mpaka ikawa miongoni mwa zile zinazopasua macho mengi kuliko zote duniani. Mwanzilishi wake, Dk. Govindappa Venkataswamy, alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi uliomkunja vidole, na bado alipasua macho kwa maelfu. Namtaja kila kijana anaponiuliza kama lazima azaliwe na mikono isiyotetemeka. Kila mkono hutetemeka ukiutazama kwa hadubini. Unajifunza kuegemeza kiganja kwenye paji la uso la mgonjwa, kupumua polepole, na kutokunywa kahawa asubuhi ya upasuaji. Hilo la kahawa lilinitesa kuliko mtihani.

Nilipofika India nilidhani nitashikishwa vifaa wiki ya kwanza. Nilipewa taa ya kuvaa kichwani, lenzi ya kushika mkononi, karatasi na penseli za rangi. Kazi: tazama retina ya kila mgonjwa mpaka ukingoni, kisha ichore. Iliyoshika chora nyekundu, iliyoachia bluu, na tundu lipake nyekundu, ulizungushie bluu. Kwa taa hiyo picha yote unaiona imepinduka, kwa hiyo unachora kama anayesoma gazeti lililogeuzwa. Miezi mitatu sikufanya jingine. Jioni mwalimu anachukua mchoro wangu, anamtazama mgonjwa mwenyewe, na kama kuna tundu sikuliona anauchana bila kusema neno. Nilichukia. Leo ndilo jambo ninalowafanyia vijana wangu, isipokuwa mimi siuchani, nawarudishia.

Sababu ya ukali ule ina historia. Karibu miaka mia moja iliyopita retina ikiachia ilikuwa ni upofu. Wagonjwa walilazwa kitandani wiki nyingi wasijigeuze, wakafunikwa macho, na karibu wote wakapofuka hivyohivyo. Daktari mmoja wa Lausanne, Uswisi, jina lake Jules Gonin, akasisitiza kwamba chanzo ni tundu: litafute, lizibe, retina itarudi. Wenzake walimbishia miaka mingi kabla ya kukubali. Mashine zote tulizonazo sasa hazijabadilisha kanuni hiyo. Ukiziba matundu matatu ukaacha la nne lisiloonekana, umefanya kazi bure, na wiki mbili baadaye mgonjwa amerudi na pazia lake. Aliyezoea kuona matundu huyaona. Hilo halisomwi kitabuni kwa mwezi mmoja.

Baada ya kuchora ndipo tulipoanza kukata, na tulianza kwa macho ya mbuzi kutoka machinjioni. Yanafaa, ingawa ute wa mbuzi unanata vibaya. Kisha ukawa msaidizi, kisha ukafungua tu, kisha ukafanya hatua ya kwanza na mwalimu akamalizia. Sehemu ngumu kuliko zote ni kumenya utando unaoota juu ya retina. Tabaka la juu kabisa tunalolimenya kwa wagonjwa wengine lina unene wa maikroni mbili au tatu hivi, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wako una kama sabini. Tunalipaka rangi ya bluu ili tulione, tunalishika kwa koleo jembamba, na tunalivuta taratibu huku retina iliyo hai ikiwa chini yake. Mara ya kwanza nilipolimenya peke yangu nilitoka nimeloa jasho mpaka soksi, na chumba kilikuwa na kiyoyozi.

Kwa hiyo daktari wenu hakumfukuza baba. Alimwekea dawa ya kupanua mboni, akatazama nyuma, akalitambua tatizo, na akasema siku hiyohiyo "hili si langu, nendeni". Hujui ni wagonjwa wangapi nimewapokea wakiwa na chupa tatu za dawa ya matone na miwani mipya, wamezungushwa miezi miwili na mtu ambaye hakutaka kusema haiwezi. Hao ndio waliozungushwa. Siku mkirudi, mpelekeeni yule daktari salamu, na ikiwezekana gunia dogo la mchele wa Mbarali.

Shangazi naye nimtoe hofu. Jicho halitolewi nje. Halijawahi kutolewa likarudishwa likaona, kwa sababu mshipa wa neva ukikatwa hauungwi. Nadhani uvumi huo unatokana na kitambaa tunachomfunika mgonjwa uso mzima kikabaki kitundu, halafu na yale maelezo ya "tunasafisha ndani ya jicho".

Kitakachofanyika kinategemea watakachokikuta. Kama ungekuwa mchano tu, retina bado imeshika, ingetosha leza: mgonjwa anakaa kwenye kiti, tunachoma alama ndogondogo kulizunguka tundu, kovu linashika, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hapo ndipo wote tungependa kuwakuta, siku ya nzi na radi, kabla ya pazia. Baba ameshapita hapo. Njia ya pili ni ya nje: mkanda wa silikoni unashonwa kwenye ukuta mweupe wa jicho chini ya ngozi yake, unaubonyeza ukuta ndani ukutane na retina. Ni njia ya zamani na bado naiheshimu, hasa kwa vijana ambao ute wao haujabanduka. Kwa mtu wa umri wa baba aliyekwisha kuwekewa lenzi ya bandia, wengi wetu tungechagua ya tatu, vitrektomi.

Anachomwa ganzi pembeni ya jicho, anabaki macho, anasikia sauti lakini hasikii maumivu. Taa za chumba zinazimwa. Kwenye sehemu nyeupe, milimita tatu na nusu hivi kutoka ukingo wa kioo, tunatoboa matundu matatu, kila moja kama nusu milimita. Moja linaingiza maji ili jicho lisinywee, la pili linapitisha taa nyembamba kama waya, la tatu linapitisha kikataji kinachokata ute mara elfu kadhaa kwa dakika na kuunyonya. Aliyebuni njia hii ni Robert Machemer, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Miami, mwaka 1970, na majaribio yake ya mwanzo alinyonya ute wa yai kwa kifaa cha kujitengenezea. Ute ukishatoka, tunaondoa maji ya nyuma ya retina, inalala ukutani, tunazungushia leza kila tundu. Saa moja hadi mbili. Kisha lazima tuweke kitu cha kuishikilia wakati makovu ya leza yanakomaa, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole, maana ni uamuzi ambao familia ina sauti.

Kuna gesi, na kuna mafuta ya silikoni. Kwa tundu la juu kama la baba, gesi ni nzuri sana, kwa sababu povu hupanda juu likabonyeza palepale panapotakiwa. Huisha lenyewe, aina moja kwa wiki mbili hivi, nyingine kwa wiki sita hadi nane, na hakuna upasuaji wa kuitoa. Mwanzo haoni kitu; kisha linapopungua ataona mstari unaochezacheza ndani ya jicho, kama pima maji ya fundi mwashi. Tatizo la gesi ni mlima wa Kitonga mnaoupita njiani. Leo mnashuka bila shida. Lakini kurudi mtapanda kutoka Dar iliyo usawa wa bahari mpaka Mafinga, mita 1,900 hivi, na huko hewa ni nyepesi kiasi kwamba gesi hutaka kutanuka kwa karibu robo. Jicho haliwezi kutanuka. Presha inapanda, damu inashindwa kuingia, na jicho lililopona linakufa ndani ya basi. Kwa hiyo akiwekewa gesi habanduki Dar mpaka daktari atazame na kusema imekwisha. Ndege ni marufuku kabisa. Na akihitaji kuwekwa usingizi kwa ugonjwa mwingine, awaambie ana gesi jichoni, maana ile gesi ya usingizi, naitrasi oksaidi, huipuliza kama puto. Atapewa kadi au kibangili cha mkononi, asikivue.

Mafuta hayatanuki mlimani. Akiwekewa hayo anaweza kurudi Mbarali mapema. Ila yataleta ukungu wa kuona kwa muda, na lazima yatolewe, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hadi sita: safari ya pili, upasuaji wa pili, malipo ya pili. Wanaoona nafuu wakaamua kutorudi, mafuta hukaa miaka, yakapandisha presha ya jicho na kuharibu kioo. Ukiniuliza mimi: kama kuna ndugu Dar wa kumkaribisha baba wiki mbili au tatu, ombeni ile gesi ya muda mfupi. Kama hakuna, au daktari akikuta retina imeshaanza kukunjamana kwa makovu, mafuta hayana aibu. Lakini daktari hawezi kujua kwamba mnapita Mafinga msipomwambia. Sisi tunaandika "Mbeya" kwenye faili na kuendelea. Mwambieni kabla ya siku ya upasuaji.

Matokeo, nisikufiche. Kwa wanaowahi, operesheni moja huirudisha retina mahali pake kwa wanane au tisa katika kumi. Waliobaki huhitaji ya pili, na wachache huendelea kuachia kwa sababu ya makovu yanayoikunja retina kama nailoni iliyosogezwa karibu na moto. Na kurudi mahali pake si sawa na kuona. Makula ikiwa imeshika siku ya upasuaji, ana nafasi nzuri ya kubaki na uoni wa karibu na ule wa mwanzo. Ikiwa imeachia, atapata nafuu, pengine nzuri, pengine ya kuona njia tu, na itachukua miezi kujua. Daktari atakayewaahidi "ataona kama zamani" kabla hajatazama, muulizeni tena taratibu. Mengine ya kuuliza: umekuta makula imeshika? Matundu mangapi? Utaweka nini ndani, na kwa nini? Baba alalie upande gani, siku ngapi? Hilo la kulala ni nusu ya matibabu, na hakuna anayelifanya sawasawa asipoelezwa sababu.

Gharama ni mara kadhaa ya ile ya mtoto wa jicho, kwa kuwa vifaa vingi hutumika mara moja na kutupwa. Ulizeni mapema bima inalipa nini, na mkikwama ombeni kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa. Jana nilikushauri upige simu kabla ya kuondoka, kwa sababu mashine hizi ni chache na zikiharibika hospitali yoyote inaweza kulazimika kukupeleka kwingine. Ulipoambiwa wanapokea, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Pengine unajiuliza pia kazi yetu nyingine ni ipi. Kwa kweli siku zangu nyingi hazina upasuaji. Ni kisukari. Mishipa midogo ya retina inavuja au kuota vibaya, na mtu haoni dalili yoyote mpaka siku damu inapojaa jichoni. Tunachoma leza, alama zaidi ya elfu moja kwa jicho, au tunachoma sindano ndani ya jicho, ambayo inatisha kwa jina kuliko inavyouma. Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe retina siku anapogunduliwa na kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Wapo watoto njiti, ambao hutazamwa kuanzia kama wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Wapo wenye selimundu. Hayo tutayaongea siku nyingine.

Na wewe unayesoma bila kuwa na baba kwenye basi: nzi wengi wa ghafla, radi pembeni, pazia au kivuli kisichoondoka, au uoni kupotea ghafla bila maumivu, nenda ukatazamwe mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, siku hiyohiyo au kesho yake. Duka la miwani halitoshi. Nzi mmoja uliyemzoea miaka mitano anaweza kusubiri.

Kwa baba, la mwisho. Bebeni ile kadi ya lenzi aliyowekewa mwaka juzi, kama mnayo. Asiendeshe gari wala pikipiki mpaka aruhusiwe. Na mkifika mapokezi, wataandika jicho la kulia tu, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye rufaa. Ombeni na la kushoto litazamwe mpaka ukingoni. Ute wa macho yote mawili una umri mmoja, na nimeshakuta zaidi ya mara moja tundu limekaa kimya kwenye jicho ambalo mgonjwa alikuwa akiliita zima.